Maswali na majibu: Winston Churchill na sisi tuliokuwa makoloni

Maswali kuhusu Winston Churchill, Waziri Mkuu aliyeiongoza Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yamezidi nafasi tuliyo nayo. Nimechukua yale yanayotugusa sisi moja kwa moja, pamoja na machache ya wanafunzi wa historia. Wengi mnataka jibu la neno moja: shujaa au mkoloni? Nitajibu kwa matukio na tarehe, na pale nilipo na msimamo nitausema.

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Morogoro: Mwalimu anasema Churchill hakupigiwa kura na wananchi mwaka 1940. Aliingiaje madarakani?

Mwalimu wako yuko sahihi. Tarehe 7 na 8 Mei 1940 Bunge la Uingereza lilijadili jinsi Wajerumani walivyolizidi nguvu jeshi lao huko Norway. Serikali ya Neville Chamberlain ilishinda kura, lakini kwa tofauti ya 81 tu, wakati ilikuwa imezoea kushinda kwa zaidi ya 200. Baadhi ya wabunge wa chama chake walimgeuka, na chama cha Labour kikakataa kuingia serikali ya pamoja chini yake. Jina lililotajwa kwanza lilikuwa la Lord Halifax, Waziri wa Mambo ya Nje, ila yeye mwenyewe alisita: ataongozaje vita akiwa Baraza la Makabaila, nje ya chumba wanachokaa wabunge waliochaguliwa? Akabaki Churchill, mwenye miaka 65. Mfalme George VI alimwita jioni ya tarehe 10 Mei, siku ileile majeshi ya Hitler yalipoivamia Uholanzi na Ubelgiji.

Lakini siku unazopaswa kuzijua zaidi ni tarehe 26 hadi 28 Mei. Jeshi la Uingereza lilikuwa limebanwa ufukweni Dunkirk, na hakuna aliyejua kwamba askari wapatao 338,000 wangevushwa salama. Katika Baraza la Vita la watu watano, Halifax alitaka Italia itumiwe kuuliza Hitler angekubali amani kwa masharti gani. Churchill alikataa. Aliona kwamba ukishakaa kwenye meza ile, huinuki tena na nguvu ya kupigana. Jioni ya tarehe 28 akawaita mawaziri wengine wote, wapatao 25, akawaambia ukweli wa hali ilivyo na kwamba yeye hatasalimu amri. Wakamshangilia, wengine wakainuka na kumpigapiga mgongoni. Aliporudi kwa wale watano, hoja ya Halifax ilikuwa imekwisha. Hotuba mnazozikariri zina uzito, lakini kwangu heshima yake kubwa ilipatikana ndani ya siku hizo tatu, milango ikiwa imefungwa. Ulaya yote ingeweza kubaki mikononi mwa Wanazi.

Msomaji wa Mombasa: Ni kweli Churchill alifika kwetu?

Ni kweli. Alishuka Mombasa Oktoba 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, hajatimiza miaka 33. Alipanda reli ya Uganda kwenda bara, na sehemu ya safari aliketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ya garimoshi ili atazame nchi na wanyama. Akaingia Uganda, akakutana na Kabaka Daudi Chwa aliyekuwa bado mtoto, kisha akashuka na mto Nile hadi Khartoum na Misri. Mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha safari hiyo.

Jinja alisimama kutazama maji ya Ziwa Victoria yakimwagika kuingia Nile, akaandika kwamba ni upotevu kuyaacha yapite bure bila kuzungusha mitambo. Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa hapohapo Aprili 1954, yeye akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili. Jicho la mbali alikuwa nalo. Ila kuwauliza wenye nchi wanataka nini hakukuwa katika hesabu zake. Mwaka 1922, akiwa sasa waziri kamili wa makoloni, alitangaza kwenye dhifa mjini London kwamba Kenya itakuwa koloni lenye sura ya Kiingereza hasa, na kwamba nyanda za juu zitabaki kwa walowezi wa kizungu. Waafrika waliokuwa wakilima huko tangu mababu zao hawakuwamo kwenye dhifa ile.

Msomaji wa Tabora: Babu yetu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapigana Burma (Myanmar ya leo). Alikuwa akisema waliahidiwa kwamba vita vikiisha mambo yatabadilika. Je, Churchill aliahidi hivyo?

Ahadi ilikuwapo kwenye karatasi, na jina lake lilikuwamo. Agosti 1941 Churchill na Rais Franklin Roosevelt wa Marekani walikutana kwenye manowari karibu na Newfoundland, wakatoa Mkataba wa Atlantiki. Kifungu chake cha tatu kilisema wanaheshimu haki ya watu wote kuchagua serikali ya kuwaongoza. Habari ikaenea, na wasomi wa Afrika na Asia wakaisoma kwa furaha kabisa, kwa sababu imeandikwa "watu wote". Tarehe 9 Septemba mwaka huohuo Churchill akaliambia Bunge kwamba walichokuwa wakifikiria ni mataifa ya Ulaya yaliyo chini ya Wanazi, na kwamba makoloni ni jambo jingine. Novemba 1942 akasema waziwazi kwamba hakuwa Waziri Mkuu wa Mfalme ili asimamie kufilisiwa kwa Dola ya Uingereza.

Sasa weka maneno hayo kando ya safari ya babu yenu. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo) walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikawafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma, mvua za masika zikinyesha, barabara zimegeuka tope, malaria ikiwaangusha kama risasi. Wengine hawakufika. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa imejaa askari, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Manowari za Uingereza zikalazimika kuisaka nyambizi kwa kudondosha mabomu ndani ya maji yaleyale ambamo walionusurika walikuwa wakiogelea. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Jina la meli hiyo lilipaswa kuwa kwenye kila kitabu chetu cha historia ya shule.

Kwa hiyo mwambieni kila anayeuliza: babu hakuota. Alisikia ahadi iliyoandikwa, na aliyeiandika ndiye aliyeipunguza.

Msomaji wa Muscat: Rafiki zangu wa Kihindi na Kibangladeshi humwita mwuaji kwa sababu ya njaa ya Bengal. Ni haki?

Njaa ya Bengal ya mwaka 1943 iliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 3. Haikuwa na chanzo kimoja. Japani iliichukua Burma mwaka 1942, mchele wa huko ukakatika. Kimbunga cha Oktoba 1942 kikaharibu mavuno. Serikali ya kikoloni, kwa kuhofia Wajapani, ilitwaa au kuharibu maelfu ya mashua pwani ya Bengal, na mashua ndiyo ilikuwa njia ya mkulima na mvuvi kufika sokoni. Bei zikapaa, wenye maghala wakaficha mchele.

Churchill hakuleta kimbunga. Lawama yake iko hapa: maombi ya meli za nafaka yalipofika London mara kwa mara kutoka kwa watawala wa India, Baraza lake la Vita lilikataa mengi au kutoa kidogo mno, huku likihifadhi chakula na meli kwa ajili ya Uingereza na Ulaya. Waziri wake wa mambo ya India, Leo Amery, mtu wa chama chake mwenyewe, aliandika katika shajara jinsi Churchill alivyowasema Wahindi kwa dharau wakati wa majadiliano hayo. Meli zilikuwa chache kweli, vita vilikuwa vikali kweli, lakini anayeamua meli chache ziende wapi ndiye anayeamua nani ale. Rafiki zako wana haki ya uchungu wao. Neno ninalolitumia mimi ni kutelekeza, na kwa watu milioni 3 hilo si neno dogo.

Mwanafunzi wa chuo, Eldoret: Alishinda vita, akashindwa uchaguzi wa 1945. Kwa nini?

Kwa sababu wapiga kura walikuwa wakiulizwa kuhusu kesho. Askari na wafanyakazi wa viwandani waliikumbuka njaa na ukosefu wa kazi wa miaka ya 1930, na wakati huo chama cha Wahafidhina, chama cha Churchill, ndicho kilikuwa na nguvu serikalini. Labour ya Clement Attlee iliahidi nyumba, kazi na matibabu. Churchill akajiharibia zaidi tarehe 4 Juni, aliposema redioni kwamba serikali ya kisoshalisti ingehitaji aina fulani ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, huku watu wakimjua Attlee kama naibu wake mwaminifu vitani. Matokeo yakatangazwa Julai 26: Labour viti 393. Alirudi madarakani mwaka 1951 hadi 1955.

Msomaji wa Bujumbura: Alipata Nobel ya Amani?

Hapana. Alipata Nobel ya Fasihi, mwaka 1953, kwa maandishi yake ya historia na hotuba zake. Mkewe Clementine ndiye aliyekwenda Stockholm kuipokea, yeye akiwa kwenye mkutano Bermuda.

Msomaji wa Nyeri: Bibi yangu alifungiwa kijijini wakati wa Mau Mau. Churchill alihusika vipi?

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, yeye akiwa Waziri Mkuu, na miaka yake migumu zaidi ilipita akiwa bado ofisini. Juni 1953 Jenerali George Erskine alitumwa Nairobi kuongoza jeshi. Alikuja na barua ya Churchill ya kumruhusu kuchukua mamlaka yote ya nchi akiona inafaa, na aliiweka ndani ya kasha la miwani yake. Walowezi wakianza kumpandishia sauti mkutanini, alilifungua kasha na kulifunga, nao wakaelewa. Hata hivyo kunyonga kuliendelea: zaidi ya Waafrika 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama wakati wa Hali ya Hatari, na maelfu kwa maelfu wakajazwa kambini na katika vijiji vyenye uzio kama kile cha bibi.

Kinachoniumiza ni kwamba mtu huyu aliweza kuliona kosa. Mwaka 1908, aliposoma taarifa za jeshi lililotumwa dhidi ya Wakisii, aliandika kwamba yale yalifanana na uchinjaji, akauliza kama ilikuwa lazima kuendelea kuua watu wasio na kinga kwa idadi kubwa kiasi hicho. Mwaka 1953 alikuwa na madaraka makubwa kuliko wakati ule. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa manusura 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Mama anayeishi London: Wanangu wanafundishwa shuleni kwamba ni shujaa tu. Niwaambie nini?

Wapeleke kwenye vyumba vya chini ya ardhi vya vita karibu na Bunge, waione ramani iliyotobolewa kwa pini za misafara ya meli. Usiwaharibie siku hiyo, kwa maana kilichofanyika humo ndani kiliwaokoa watu wengi. Siku nyingine wasimulie habari za Bengal, Khedive Ismail na Nyeri kwa utulivu uleule. Wakikua, kumbukumbu za vikao vya Baraza la Mawaziri za miaka hiyo ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, na nyingi zinasomeka bure kwenye intaneti, zikiwamo zile za Kenya.