Slivu itakaa juu ya nini? Muulize fundi kabla hajachonga bloku

Slivu ni bomba la chuma linalovalishwa ndani ya silinda iliyoharibika ya bloku, yaani mwili wa injini. Ya kwanza niliyoisimamia kwenye injini ya mbio iliharibika mikononi mwangu, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia.

Ilikuwa Altezza RS200 yenye 3S-GE: silinda nne, kipenyo milimita 86, bloku ya chuma cha kutupwa. Haina turbo, lakini inatoa farasi 210 kwenye mizunguko 7,600. Kijana wa Ujiji aliinunua ikiwa imeshachongwa ovasaizi ya 1.00, yaani silinda ziko 87. Naye akafunga ea klina ya wazi, ile ya koni, akawa anazunguka nayo njia za vumbi kule Uvinza. Vumbi likala ringi za pistoni. Kisha klipu ya pini ya pistoni ikachomoka na kuchimba mfereji kwenye silinda ya tatu. Ukipitisha kidole, ukucha unakwama.

"Kaka, si tuchonge kidogo tu?" kijana akaniuliza.

Tuchonge tuende wapi? Kila ukichonga, ukuta unazidi kuwa mwembamba. Kwenye gari la kwenda sokoni unaweza ukavumilika, lakini kwa mizunguko elfu saba ukuta mwembamba unachezacheza, ringi hazishiki, joto linapanda. Slivu ilikuwa haikwepeki.

Nikapeleka bloku kwa fundi kereza. Alichonga silinda ya tatu kutoka juu hadi chini, moja kwa moja, safi kama bomba, akaingiza slivu kwa nyundo na kipande cha mti. Nilipenda kazi yake. Wiki tatu baadaye rejeta ikaanza kutoa mapovu. Nilipofungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, slivu ilikuwa imeshuka. Kidogo sana, jicho peke yake halioni, lakini ukilaza rula juu ya bloku unauona mwanga ukipita. Gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku ilikuwa imeungua palepale.

Kosa lilikuwa langu. Sikumuuliza slivu itakaa juu ya nini. Mchongaji akiacha kidato cha milimita tatu hivi chini ya silinda, slivu inapata pa kukanyaga. Asipoacha, inayoishikilia ni kubana peke yake, na injini ikipata moto na kupoa mara mia, kubana huko kunachoka. Kwa kuwa kidato kilishaliwa, ilibidi tutafute slivu yenye shingo, inayoning'inia juu kwenye ukingo uliochongwa kwenye uso wa bloku.

Mara ya pili nilikaa na mikromita mwenyewe. Nje ya slivu ilisoma 91.50, kwa hiyo tukachonga bloku 91.45. Hiyo 0.05 ndiyo kubana kwenyewe. Ikipungua, slivu haigusani vizuri na bloku, joto linashindwa kupita kwenda kwenye maji. Ikizidi sana unaweza kupasua ukuta, au ukabana mpaka silinda ya jirani ikapoteza uduara. Kwa hiyo pima na silinda za jirani baada ya kuvalisha, hata kama hukuzigusa.

Nyundo niliikataza. Slivu ililala usiku mzima kwenye friza ya mama mmoja wa Kibirizi, chini ya migebuka, imefungwa mifuko miwili ya nailoni. Bloku ikaenda kwenye tanuri la mkate baada ya mikate ya asubuhi kutoka. Msinicheke. Chuma cha kipenyo hiki kikipanda nyuzi 90 tundu linapanuka karibu 0.09, na slivu ikitoka nyuzi 30 hadi 18 chini ya sifuri inasinyaa karibu 0.05. Ukitoa ile 0.05 ya kubana, unabaki na nafasi ya kutosha slivu kuteremka kwa uzito wake. Lakini una sekunde chache tu. Futa umande wote, lenga wima, achia. Ikikwama katikati, pole yako.

Hapo bado hujamaliza. Uso wa bloku unasagwa ili shingo iwe sawa nao, ndipo silinda inachongwa na kupigwa msasa wa mistari ya kukatana. Wakati wa msasa, funga bamba nene la chuma mahali pa hedi na kaza bolti kwa nguvu ileile ya hedi, maana bolti zikikazwa silinda inapinda. Ukisugua bila bamba, duara lako litakufa siku utakapofunga hedi.

Silinda hiyo hatukuirudisha 86. Tuliimaliza 87 ili pistoni tatu zilizobaki zitumike. Pistoni mpya moja tukaipima kwa sonara pamoja na zile tatu, ikazidi gramu nne, tukaipunguza kwa ndani.

Osha bloku kwa maji ya moto na sabuni, si petroli tu, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kisha paka oili hapohapo, kwa unyevu wa ziwa hili kutu haichelewi.

Geji ya kompresheni ilisoma silinda zote nne karibu sawa. Ea klina ile ya koni niliing'oa, nikarudisha boksi lake la kiwandani. Koni hiyo iko kwenye rafu ya gereji yangu hapa Mwanga, Kigoma. Kijana ameshaiulizia mara mbili.