Giza lilipe siku za mbalamwezi

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nachakata dagaa hapa Igombe, Mwanza. Siku za giza nauza vizuri, lakini mbalamwezi ikianza naingia kwenye mkopo wa marejesho ya kila siku. Safari hii nimechukua 300,000, narejesha 12,000 kwa siku 30. Biashara ninayo, mbona hela haikai? Na riba ya 20% ni kubwa kweli?

JIBU: Dada yangu, nianze na riba, maana ndiyo inayokukausha. Utarejesha 360,000, hivyo nyongeza ni 60,000. Ukiigawa kwa 300,000 unapata 20% kweli. Lakini hiyo 300,000 hukai nayo mwezi mzima. Kila siku unapunguza deni kwa 10,000, kwa hiyo siku ya 15 umebakiwa na nusu tu ya hela ya watu. Kwa wastani umeshika kama 155,000. Kulipa 60,000 kwa kutumia 155,000 mwezi mmoja ni zaidi ya theluthi. Ndiyo, ni kubwa, tena kubwa sana.

Sasa hela kutokukaa. Nimekaa na vikundi vya kuweka na kukopa huku Ilemela miaka mingi, na kosa ninalokutana nalo mialoni ni hilihili: tunapanga matumizi kwa kalenda ya ukutani wakati kipato chetu kinafuata mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haiwavuti, mitumbwi inakaa nchi kavu karibu siku kumi. Watoto hawaachi kula siku hizo kumi.

Kwa hiyo jilipe mshahara. Chukua mfano huu, namba zako utaweka mwenyewe: ukishatoa hela ya kununulia ndoo za dagaa za kesho, usafiri wa kwenda soko la Kirumba Mwaloni na ushuru, faida yako kwa siku ya giza ni 20,000. Nyumbani tumia 10,000. Weka 5,000 kwa ajili ya mbalamwezi. Siku 20 za giza zitakupa 100,000, yaani 10,000 ileile kwa kila siku ya mapumziko. Inabaki 5,000 nyingine kwa siku, ya kodi na ada. Deni hili la 12,000 kwa siku haliingii humo, kwa hiyo mpango huu utakaa sawa likishaisha. Siku ukiuza 50,000, chakula cha nyumbani kibaki kilekile cha 10,000. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu siku nzuri inamfanya mtu ajione tajiri.

Mtaji uweke kwenye simu, hela ya mbalamwezi iweke kwenye kibubu au kwa mtunza hazina wa kikundi. Zikikaa pochi moja, utakula mtaji bila kujua.

Kuhusu deni: usikope kwingine kulipa hili. Nenda kwa mkopeshaji kabla mwezi haujawaka, umwombe marejesho yasimame siku za mbalamwezi yaendelee giza likirudi. Akikubali, yaandikwe. Omba nakala ya mkataba na umwulize leseni yake; Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Mkopo ujao, ukilazimika, utoke kwenye VICOBA yenu, yaani kikundi chenu cha kuweka na kukopa, ambako riba inarudi kwenu wenyewe mkigawana.

Masika nayo usiisahau. Kuanzia Machi dagaa wakinyeshewa kwenye vichanja vya kuanikia wanageuka chakula cha kuku, na bei unaijua. Kuanzia Januari ongeza akiba, hata 1,000 kwa siku.

Kuna jambo moja hukuuliza, ila nalikuta kwa wengi: sare za harusi na michango. Si lazima ukatae. Panga kiwango kimoja unachokimudu, umpe kila mtu hichohicho, ndugu na jirani. Mteja wangu mmoja, mchakataji kama wewe, alifanya hivyo. Mwezi wa kwanza walimsema. Siku hizi mbalamwezi ikiwaka anashona vichanja vyake vilivyochakaa, jioni anakaa nje na wanawe wakila, na simu ya mkopeshaji hailii.

Anza giza lijalo, usiku wa kwanza mitumbwi ikitoka.