Mvuvi anauliza: harufu ya mwili, kuchamba na josho la dagoni

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, maalim. Mimi ni mvuvi wa Kojani, Pemba, na nimeoa mwaka huu. Tukenda dago, kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, tunakaa wiki tatu, saa nyengine zaidi, na maji matamu tunayapima kwa kunywa na kupikia. Nikirudi nyumbani mke wangu hanisemi kitu, lakini ananipa mgongo. Juzi shangazi yangu kaniita pembeni, kaniambia kuwa mke wangu alimlalamikia somo yake, kungwi wake, kwamba natoa harufu kwapani na huku chini. Nimeona haya mpaka Ijumaa sikwenda msikitini. Nauliza: sala zangu za siku zote zimesihi? Josho la maji ya bahari linatosha? Nifanye nini harufu iniondoke? Na mke wangu hakukosa kulitoa nje jambo la chumbani?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Umefanya vyema kuuliza. Washirikina walimshangaa Salman al-Farisi, sahaba wa Mtume, Mungu amridhie, wakamwambia: Mtume wenu anakufundisheni kila kitu, hata kwenda haja! Salman hakuona haya. Akajibu: naam, ametukataza tusielekee kibla kwa haja kubwa wala ndogo, na tusistanji, yaani tusichambe, kwa mkono wa kulia. Hadithi hiyo ameipokea Imam Muslim. Basi jambo alilolisemea Mtume, rehema na amani zimshukie, sisi tutalisema.

Tenganisha mambo mawili ambayo naona yamekuchanganyikia. Kuna najisi na kuna harufu. Jasho la mtu ni tohara, yaani si najisi, hata likinuka namna gani, na mwenye udhu aliyesali na jasho lake sala yake imesihi. Kinachoharibu sala ni mkojo, kinyesi, damu nyingi, na madhi, yale maji mepesi yanayotoka mtu akiingiwa na matamanio. Kwa hiyo usilipe sala hata moja kwa sababu ya kikwapa. Lakini harufu, ingawa si najisi, ni maudhi, na maudhi yana haki za watu ndani yake: haki ya anayesimama nawe safu moja, na haki ya anayelala nawe kitanda kimoja.

Ijumaa uliyobaki nyumbani hukupata uamuzi mzuri. Ni kweli Mtume alisema aliyekula kitunguu thomu au kitunguu maji asiukaribie msikiti, na wanavyuoni wakaiingiza humo kila harufu inayoudhi. Lakini maana yake si mtu akae nayo nyumbani. Anayeweza kuiondoa, aiondoe aje. Bi Aisha, mke wa Mtume, Mungu amridhie, ametusimulia kuwa watu walikuwa wakija Ijumaa kutoka majumbani kwao na kutoka Awali, vitongoji vya nje ya Madina, wamepita kwenye vumbi na jasho linawatoka. Mmoja wao akamjia Mtume akiwa nyumbani kwa Bi Aisha, naye akamwambia: lau mngejisafisha kwa siku yenu hii. Iangalie hadithi hii vizuri, mwanangu. Wale walikuwa watu wa kazi kama wewe. Hakuwafukuza wala hakuwaaibisha mbele za watu, ila hakulinyamazia pia. Kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, kukoga siku ya Ijumaa ni sunna iliyokokotezwa, wakati wake unaanza alfajiri, na bora zaidi kukoga karibu na kuondoka kwenda msikitini.

Sasa harufu inatoka wapi? Jasho likitoka halina harufu ya kutaja. Kwapani na kwenye kinena kuna matezi yanayotoa jasho zito zaidi, na vijidudu vya ngozi vinapolila ndipo panaponuka. Nywele zinalishika, nguo mbichi inalifunika, na joto la kaskazi linamaliza kazi. Ndiyo maana mambo ya fitra, usafi wa maumbile, ambayo Mtume ametuhesabia, kutahiri, kunyoa kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha na kunyonyoa kwapa, mengi yake yamelenga mahali uchafu unapojificha. Na sahaba Anas, Mungu amridhie, amesema waliwekewa muda: wasiyaache zaidi ya siku 40. Huo ndio mwisho wa kuvumiliwa. Usiufanye ndiyo zamu yako. Ukikaa wiki mbili nyumbani bila kunyoa, ukaenda dago la wiki tatu, umeshafika siku 35, na mtu wa bahari kwa joto letu hawezi kungoja hivyo. Nyoa kabla ya kupanda chombo, na wembe wako mwenyewe uwe ndani ya mfuko. Usishirikiane wembe na mtu, hata awe ndugu yako wa tumbo moja.

Kwapa sunna yake ni kunyonyoa, lakini ukinyoa inatosha. Imam Shafi mwenyewe alikutwa kinyozi anamnyoa kwapa, akasema: najua kuwa sunna ni kunyonyoa, ila siwezi kustahamili maumivu. Imam Nawawi ameinukuu. Naipenda habari hii kwa sababu inatuonesha mtu mkubwa asiyejikweza.

Kuchamba ndiko wengi wanakokosea, na hapo dini na harufu zinakutana. Vijana wengi wa leo wanakojoa kwa haraka, wanafunga suruali, na tone la mwisho linamalizikia kwenye nguo. Hilo si dogo. Mtume alipita kwenye makaburi mawili, akasema wenyewe wanaadhibiwa, na mmoja wao alikuwa hajikingi na mkojo. Chuchumaa, usikimbilie kuinuka, kohoa kidogo au ukamue taratibu mpaka ujue umekwisha, kisha uoshe kwa maji na mkono wa kushoto. Nyuma uoshe mpaka ule utelezi wa najisi uondoke. Bi Maimuna, naye mke wa Mtume, Mungu amridhie, amesimulia kuwa Mtume alipokoga janaba aliosha tupu yake, kisha akausugua mkono wake ardhini. Sisi tuna sabuni, basi tuitumie. Lakini ukishamaliza, umemaliza. Shetani akikwambia "labda limetoka jengine," usimfuate. Yakini haiondolewi na shaka. Nyunyiza maji kidogo kwenye nguo, uende zako.

Ama josho la bahari, linatosha kabisa. Mtume aliulizwa na watu wa chombo waliokuwa na maji machache kama nyinyi, akasema bahari maji yake ni tohara na maiti yake, yaani samaki waliokufa, ni halali. Tia nia, maji yaenee mwili mzima: kitovuni, kwapani, chini ya korodani, baina ya mapaja na baina ya makalio. Kuzama mara moja ukiwa umejikunja hakufikishi maji kila mahali. (Aliyesilimu ukubwani na hajatahiriwa ni lazima afikishe maji chini ya ile ngozi, maana hapo hukusanyika uchafu mweupe wenye harufu kali.)

Hata hivyo josho kusihi ni jambo moja, na ngozi kupona ni jengine. Chumvi ikikaukia mapajani inachubua, na bukta mbichi ukishinda nayo mpaka usiku unaifuga fangasi. Nimewaona wavuvi wanaojikuna mpaka ngozi imekuwa nyeusi, na wao wanadhani ni uchafu wa kawaida. Kata moja ya maji matamu, ukiipata, iweke kwa ajili ya kinena na kwapa peke yake, inatosha. Halafu ujikaushe. Mwanangu, kujikausha ni nusu ya dawa, na ndiko kunakosahauliwa na kila mtu. Badilisha nguo ya ndani ikawa kavu, ya pamba, isiyobana, ukilala vaa kikoi. Nguo ifuliwe kwa sabuni na ianikwe juani. Sehemu hizo hazitaki sabuni kali wala zile dawa za kusafishia sakafu ambazo baadhi ya watu wanajipaka. Maji na sabuni laini kwa nje vinatosha. Kwapani, shabu iliyoloweshwa maji ikapakwa baada ya kukoga inasaidia, na wazee wetu wameitumia miaka mingi.

Miski, udi na marashi ni sunna na ni uzuri wa mume kwa mkewe, lakini vinakuja baada ya maji. Ukivipaka juu ya jasho la jana, unapata harufu mbili badala ya moja.

Ukiona usaha, kidonda, mkojo unaouma, au muwasho unaorudi kila ukipona, hilo si la maalim tena. Nenda hospitali, na useme yote bila kuficha. Fangasi wanaorudi rudi saa nyengine huwa ni alama ya sukari. Kumuonesha tabibu tupu kwa dharura kunaruhusiwa, kwa kiasi cha haja.

Sasa mke wako. Siri ya chumbani haitolewi, na hilo ni kweli kwake na kwako. Lakini somo ndiye aliyemlea kwa ndoa, na anayesema shida yake kwa mtu wa kumshauri si sawa na anayetangaza. Aliyekosa zaidi ni aliyeyachukua maneno yale akayafikisha kwa shangazi yako. Na jiulize kwa nini mtoto wa watu hakuthubutu kukwambia wewe. Mwenyezi Mungu amesema wanawake wana haki mfano wa zile zilizo juu yao, kwa wema, na sahaba Ibn Abbas alikuwa akisema anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake.

Basi ukirudi kutoka dago lijalo, usiende moja kwa moja kitandani. Koga, ujikaushe, vaa nguo safi, ujitie manukato kidogo. Kisha umwambie kwa upole: mke wangu, safari nyengine ukiona jambo kwangu niambie mimi kwanza, sitakasirika. Na akikwambia, usikasirike.

Wallahu aalam.