Maswali na Majibu: Nguvu ya Taifa katika Sayansi na Uhandisi

Asilimia ya pato la taifa inayokwenda kwenye utafiti hupatikanaje?

Hujumlishwa gharama zote za utafiti na maendeleo zilizotumika ndani ya nchi, ziwe za serikali, vyuo, kampuni au mashirika yasiyo ya faida, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa pato la taifa. Mwongozo unaofuatwa unaitwa Frascati, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1963 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo. Kazi huhesabika kuwa utafiti ikiwa inatafuta jambo jipya, ni ya ubunifu, matokeo yake hayajulikani mapema, ina mpango na bajeti, na matokeo yake yanaweza kurudiwa na wengine. Upimaji wa kila siku wa ubora kiwandani haumo, ingawa wengi huuingiza.

Usiishie kwenye asilimia. Angalia nani analipa. Israel na Korea Kusini, zilizo kileleni, hutegemea sana kampuni.

Tuna wahadhiri 1,000. Je, tuna watafiti 1,000?

Hapana. Huhesabiwa muda, si vichwa. Ikiwa kila mmoja hutumia asilimia 30 ya muda wake kutafiti, mna sawa na watafiti 300 wa muda wote. Kosa la kawaida ni kuchukua muda ulioandikwa kwenye mkataba, wakati kusahihisha mitihani na vikao vimekwishaumeza.

Mitambo ya maabara imenunuliwa, lakini utafiti hautoki. Kwa nini?

Mara nyingi bajeti iliishia kwenye ununuzi. Darubini ya elektroni, ya kuonea vitu vidogo mno, inahitaji umeme tulivu, chumba kisichotikisika, vipuri na mkataba wa matengenezo. Tenga kila mwaka karibu sehemu ya kumi ya bei ya kununulia. Zaidi ya yote, ajiri fundi sanifu wa kudumu. Inasikitisha kuona nchi ikisomesha wenye shahada za uzamivu kwa wingi huku ikimsahau huyu, maana pampu ya ombwe, inayotoa hewa ndani ya darubini hiyo, ikifa, wote husimama.

Wataalamu walio ng'ambo watarudi wakiongezwa mshahara?

Mshahara peke yake hautoshi. Korea Kusini ilipoanzisha taasisi ya utafiti ya KIST mwaka 1966, waliorudi walipewa mishahara mizuri pamoja na nyumba, na taasisi ikawa na uhuru wa kujiendesha. Anayerudi aikute maabara inafanya kazi na fedha za miaka mitatu zimeshatengwa. Akianza kwa kusubiri vibali na kemikali zilizokwama forodhani, ataondoka tena.