Maswali ya Wenye Kuloba: Chambo cha Mvua za Kwanza

Salamu kwenu. Kiangazi chote nilipata tilapia kwa nyungunyungu na kiboya, pale mto Ruzizi unapotoka Ziwa Kivu. Tangu mvua ianze mwezi wa Septemba, kiboya kinacheza, navuta, ndoana inarudi tupu. Nibadilishe chambo? (Msomaji wa Nguba, Bukavu)

Kaka, kwanza tazama maji. Hapo Ruzizi inakunywa maji ya Kivu moja kwa moja, kwa hiyo mvua ya usiku mmoja haiichafui yote. Tope linaingia kwa pembeni, kupitia mifereji na makorongo ya mji. Asubuhi utakuta ukanda mwekundu ukingoni, na hatua chache mbele maji ni maangavu. Tilapia husimama kwenye mpaka wa maji hayo mawili, maana mvua imemletea chakula na bado anaona. Chambo kianguke upande wa maji maangavu, karibu kabisa na tope.

Ndoana kurudi tupu ni kazi ya samaki wadogo. Nyungunyungu mzima akining'inia, wanamkata mkia vipande vipande na mdomo wao haufiki kwenye chuma. Tumia ndoana ndogo, namba 10, uzi wa milimita 0.20, na kipande cha nyungunyungu cha sentimita 2 tu. Mkia utakaobaki nje usizidi nusu sentimita.

Wakiendelea kusumbua, hamia kwenye donge. Chukua kikombe 1 cha unga wa ngano, nusu kikombe cha unga wa mahindi na vijiko 2 vya sambaza kavu (samaki wadogo wa Kivu) zilizotwangwa. Tia maji kidogo kidogo, kanda dakika 10 mpaka lisishike vidoleni, kisha lifunge kwenye mfuko nusu saa. Ngano ndiyo inayoshika; wanaotumia ugali mtupu hulalamika kuwa unayeyuka, na kweli unayeyuka. Lijaribu nyumbani: tonge la ukubwa wa punje ya mahindi likae kwenye beseni la maji dakika 10 bila kuvunjika. Likivunjika, ongeza ngano.

Jambo jingine, na tunaomba ulizingatie. Tilapia jike hubeba mayai na watoto mdomoni, na wakati huo karibu hali kabisa. Ukimnasa jike mwenye mdomo uliojaa, mrudishe majini taratibu bila kumbana koo. Ukimchukua, umechukua na kizazi kizima.

Kwa kambale, jirani zangu wanabishana: matumbo ya kuku au maini? Na mbona samaki anavuta kwa nguvu halafu anaachia? (Mama wa Bagira)

Mama, vyote viwili vinafaa, ila sisi tunachagua matumbo. Maini yana harufu kali zaidi, lakini yanachomoka ukirusha tu. Ukiyapenda, yafunge kwenye ndoana kwa uzi wa cherehani, mizunguko sita au saba. Matumbo yakamue, yasuuze kwa maji matupu (ukitia sabuni, harufu yake itabaki), kisha kata urefu wa sentimita 12. Yachome mara tatu au nne, yakunjamane kwenye shina la ndoana.

Anaachia kwa sababu mbili. Ya kwanza, ncha imezama ndani ya chambo. Mdomo wa kambale ni mgumu. Ncha iliyofunikwa na utumbo haiwezi kuupenya. Ndoana iwe kubwa, namba 2/0 au 3/0, ncha ionekane wazi, na uijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiteleza ni butu, inoe kwa tupa, ikikwama, iko tayari. Ya pili ni risasi, yaani uzito unaozamisha uzi. Risasi iliyofungwa imara humshtua samaki anapoondoka na chambo. Tumia risasi yenye tundu, gramu 30, uzi upite ndani yake bila kuzuiwa. Chini yake funga ushanga wa kuizuia, halafu sentimita 40 za uzi wa milimita 0.50 mpaka kwenye ndoana.

Na kwa Ruzizi yetu kuna tatizo la mifuko ya plastiki. Imelala chini, chambo kinaingia ndani yake na harufu haisambai. Toboa kipande cha kizibo cha chupa, kile laini kinachoelea, kipitishe kwenye uzi sentimita 10 kabla ya ndoana. Kitainua chambo juu ya taka. Ukubwa wa kizibo upime kwenye ndoo kwanza, kwani kikiwa kidogo mno chambo kinakizamisha.

Saa nzuri ni jioni giza linapoingia, hasa baada ya mvua, kambale wanaposogea kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Wakati wa kumtoa ndoana, mshike nyuma ya miiba ya mapezi ya kifuani. Miiba hiyo inachoma vibaya.

Ndugu yangu amenipa vijiko vya chuma vya kuvulia. Vinafaa Ruzizi ya huku chini? (Msomaji wa Kamanyola)

Kwa miezi hii, kidogo sana. Kijiko kinamdanganya samaki kwa mng'ao, na huko bondeni mvua imeshageuza maji kuwa uji. Yangojee yapungue. Ukiutia mkono majini hadi kiwiko na bado unaona vidole, rusha kijiko cha rangi ya fedha cha gramu 10, ukivute polepole kukatisha mkondo. Samaki aitwaye barbi, anayependa maji yanayokimbia, hukifuata. Usipoviona vidole, rudi kwenye matumbo au nyungunyungu. Lakini mkono usiutie mtoni kwenyewe, maana bondeni kuna mamba na viboko. Teka maji kwa ndoo yenye kamba, upime humo.