"Kaka, nampataje mnunuzi wa China?"

Juzi kijana wa Sengerema ameniandikia swali hilo. Naulizwa sana tangu niseme kwamba mnunuzi wangu wa Guangzhou ametuma malipo ya awali kabla sijapakia hata kilo moja ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara vilivyokaushwa. Huu ni mwaka wa saba tunauziana, na najivunia, sifichi. Ila mdogo wangu, kumpata si shida. Shida ni asikukimbie.

Mimi alinikimbia. Mzigo wa tatu nilipungukiwa kilo 40. Jioni pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nikajazia mabondo ya jamaa aliyeniapia kuwa yamekauka. Nikashika moja, likapinda mkononi. Bondo la sangara lililokauka sawasawa halipindi. Niliona, nikanyamaza, nikafunga magunia. Yalifika yameota ukungu, na yale mazuri nayo yakaambukizwa. Mchina hakugomba. Alituma picha moja, kisha kimya miezi minane. Nilikuwa naamka saa 10 alfajiri, kwao saa 3 asubuhi, nashika simu natazama. Hakuna kitu. Mpaka leo kimya kile kinaniuma.

Nikauza pikipiki, nikakata tiketi ya Guangzhou. Dukani kwake mama yake mzazi alichukua bondo langu, akaliinua kwenye taa, akanionyesha uzi wa damu ambao sikuwahi kuuona. Supu ya bondo wanampikia hata mwanamke aliyetoka kujifungua. Anaweza kumpa mkwewe kitu kinachonuka damu?

Basi: osha damu yote, anika kwenye chanja, usichanganye madaraja ya ubora. Na mzigo ukiharibika sema wewe kwanza, kabla haujafika. Narudia, sema wewe kwanza.

Watu wazima wa Mwanza wanakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya waliokuwa wanavua kwa sumu. Baba yangu alikuwa anakata minofu kiwandani. Akarudishwa nyumbani, naye hakuwahi kushika sumu maishani mwake. Kwa hiyo wewe unayelowesha mabondo ili yaongezeke uzito, usidhani unamwibia Mchina. Unamwibia mwenzako wa Ukerewe, ambaye mzigo wake utakataliwa kwa kuwa tu umetoka ziwa hilihili. Acha, ndugu yangu. Acha leo.

Na wewe wa Sengerema, kabla ya kuniomba namba ya mtu, njoo na bondo lako moja. Nipo Mwaloni kila siku mpaka saa 9 alasiri. Tuliinue juani tulitazame.