Chupa ya "maji ya jeni" haitibu nagana

SWALI: Daktari, shikamoo. Nafuga ng'ombe Pangani, upande wa Saadani, na mbung'o wametuzidi. Watatu wamekonda, manyoya yamesimama, tezi za mabega zimevimba. Nimesikia wazungu walitia jeni ya nyani kwenye panya, na panya hao wakidungwa vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hawaugui. Mnadani kuna kijana anauza "maji ya jeni", 40,000 chupa, anasema ndiyo hiyo hiyo, sindano moja kwa maisha yote. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Na kama umeshanunua, usimdunge mnyama.

Habari ya panya ni ya kweli, ndiyo maana matapeli wanaipenda. Sisi binadamu na nyani tuna protini kwenye damu, APOL1, inayotoboa vimelea vya jamii hii. Rhodesiense, wanaoleta malale huku kwetu, wana mbinu ya kuizima ya binadamu, ila ya nyani inawashinda. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yao: panya waliopewa jeni ya nyani walihimili hata hao rhodesiense.

Sasa tazama walivyopewa, maana hapo ndipo muuza chupa anapokatisha hadithi. Jeni ilitiwa kwenye maji, ikasukumwa kwa kasi kwenye mshipa wa mkia. Njia hiyo hutumia maji yanayokaribia sehemu ya kumi ya uzito wa panya, kwa sekunde chache tu. Panya wa gramu 20 huingiziwa kama mililita 2. Mpigie hesabu ng'ombe wako wa kilo 300: lita 30, mshipani, kwa mkupuo mmoja! Atakufia mikononi kabla mbung'o hajamgusa. Na hata kwa panya, jeni iliyoingizwa hivyo hufifia upesi. Kinga ya maisha, inayorithiwa na ndama, hutafutwa mnyama akiwa bado yai au kiinitete. Aliyekwisha zaliwa humbadilishi ukoo kwa sindano ya mnadani.

Kwa ng'ombe, njia hiyo ndefu ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, na wenzao walishaianza. Walimpata dume la Boran, aina ya ng'ombe wetu, kwa kloni, yaani kunakili mnyama, wakamwita Tumaini. Tumaini mwenyewe hakuwa na jeni ya nyani. Alikuwa wa kujaribia tu kama kloni ya Boran inawezekana.

Lakini linaloniudhi kuliko hiyo chupa ni dhana iliyo nyuma yake, kwamba panya akipona basi dawa imepatikana. Panya wa maabara ni wa kuuliziwa swali. Kuna ukoo wa panya, C57BL/6, ukiwaambukiza congolense, kimojawapo cha vimelea vya nagana, huishi muda mrefu kuliko ukoo wa BALB/c. Mwaka 1997 watafiti walionyesha maeneo matatu ya kromosomu yanayohusika na tofauti hiyo. Baadaye walipochukua panya walioondolewa jeni ya TNF, protini ya kinga ya mwili, wakawaambukiza, wakakuta hawahimili. Je, tuwadunge ng'ombe TNF? Thubutu. TNF ikizidi ndiyo inayochoma mwili kwa homa na kukondesha. Hata hiyo APOL1 ina gharama yake: watu wenye asili ya Afrika waliorithi kutoka kwa wazazi wote wawili aina zinazowashinda rhodesiense wako katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo. Muuzaji hakukwambia hilo, wala halijui.

Mwaka huu ni jeni, mwaka jana ilikuwa "chanjo ya nagana". Chanjo ya nagana haipo, kwa sababu kimelea hubadilisha koti lake kila kinga ya mwili inapomzoea. Kila neno jipya la maabara likitoka redioni, wiki ya pili liko mnadani ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi.

Wenye dawa halali nao hawajapona. Pakiti ya diminazini, dawa ya nagana, ya gramu 2.36 ni ya ng'ombe mmoja wa kilo 300. Nimewaona kwa macho yangu wakiigawa kwa watatu, uzito umekadiriwa kwa jicho. Vimelea havifi vyote, vinavyobaki vinaizoea dawa, na mwakani unaambiwa dawa ni feki. Mpime kifua kwa utepe, ni dakika moja.

Tena hizo tezi za mabega zinanipa shaka. Huenda si nagana, ni ndigana kali ya kupe, na diminazini haiigusi ndigana kali. Majina yamefanana, watu wanatibu jina. Kabla hujachoma chochote, ita mtaalamu wa kata achukue damu kwenye mshipa mdogo wa sikio na maji ya tezi, vyote kwenye kioo, viangaliwe kwa hadubini. Na hiyo chupa, kama kuna jirani aliyeinunua, mwambie ailete vilevile. Nataka kusoma lebo.